Kuhusu Sauti Yako ya Benchi la Tatu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia ingawa tunaishi nyumba moja, kwa kuwa nikisema kwa mdomo utaniuliza kama nimekula. Leo naandika si kama mwanao, bali kama mwalimu wa kwaya.

Wazee wa kanisa wameniuliza: kwaya inaongoza nyimbo za ibada, au inakufuata wewe? Wamenipa hadi mwisho wa mwezi nirekebishe mambo, la sivyo watatafuta mwalimu mwingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi tukimaliza ubeti, wewe bado unao. Mpiga kinanda amezoea kukusubiri, siku hizi hata miwani anaifutia hapo hapo.

2. Mchungaji aliponyamaza katikati ya mahubiri ili anywe maji, ulianzisha wimbo. Kanisa zima likasimama. Maskini, hoja yake ya tatu hatukuisikia tena. (Wapo waliokushukuru, lakini hilo si la barua rasmi.)

3. Kwaya ina sare, sauti nne na mazoezi kila Jumatano. Wewe una sauti moja, tena hupanda pale inapotakiwa kushuka. Bado watu wanakufuata wewe.

4. Waimbaji wangu wawili wa besi wameanza kupanda nawe. Besi, Mama!

Kwa heshima zote, naomba uimbe moyoni. Mungu husikia hata huko. Ikishindikana, hamia ibada ya alfajiri. Hilo nalo likishindikana, nimekuulizia nafasi kanisa la jirani. Wanasema wanakufahamu, kwa hiyo wameomba muda wa kufikiri.

Wasalimie wote hapo sebuleni, nami nakuja sasa hivi.

Mwanao mtiifu,
Mwalimu wa Kwaya

N.B. Hayo niliyaandika Ijumaa, sikupata ujasiri wa kukupa. Jumapili homa ikakulaza, tukaimba bila wewe. Tulimaliza wote pamoja, safi kabisa, na waumini wakatutazama midomo imefungwa kama watu wanaosubiri daktari. Hakuna aliyeimba nasi. Ilikuwa tamasha, Mama, haikuwa ibada, na mimi niliona aibu. Hata nilipoinua mkono kuanza wimbo wa pili, nilijikuta natazama benchi lako.

Baada ya ibada niliwapa wazee jibu lao: tunakufuata wewe, mimi wa kwanza. Waamue watakavyo. Wewe pona tu, Mama.