Moto Usiozimika wa Naitiri

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Kitale.

Programu ya kikaushio imekamilika! Mashine inapasha mahindi joto, ikifika nyuzi hamsini inazima moto yenyewe. Nimeijaribu karakanani mara kumi. Haijakosea. Jumamosi tunawaonyesha kina mama wa Naitiri, ambao mvua imewakuta na mahindi mabichi. Bosi Kipkemei ametangaza kwamba atakayeonyesha ndiye mkuu wa mafundi. Ni mimi au Jelimo wa tawi la Bungoma. Jelimo aliunda moto na feni. Mimi, Hiram Gathii, niliunda akili. Mashindano gani hayo?

Kunogesha, nimeiambia kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, iharakishe kila kitu. Nimeituma kwenye kikaushio kilichoko Naitiri bila kujaribu tena. Ya nini?

Jumanne, 4 Novemba.

Mama Rosaline, mwenyekiti wa kina mama, amepiga simu. Gunia zima limeungua! Ati alisikia harufu ya bisi, akadhani ni sehemu ya huduma. Bosi hakucheka.

Hapa karakanani nimerudisha kompaila kwenye mpangilio wa polepole. Moto unazima. Wa haraka: hauzimi! Na maandishi ni yaleyale, herufi kwa herufi. Kubaki na wa polepole? Siwezi. Nilishajigamba kwa bosi. Nimemwambia kosa ni nyaya za Jelimo. Akauliza nyaya za Jelimo zimejuaje mpangilio wa kompyuta yangu. Nikaenda kunywa chai.

Jumatano, 5 Novemba.

Dawa imepatikana! Nimeongeza mstari wa kuandika joto kwenye skrini, nione kinachoendelea. Moto ukazima. Nikautoa mstari, moto ukakataa kuzima. Nikaurudisha, ukazima. Mashine inaona haya ikitazamwa! Nimeuacha mstari palepale, na juu yake nimeandika: USIGUSE. Bosi kauona. Kamwita Jelimo.

Alhamisi, 6 Novemba.

Jelimo kafika saa tatu. Nilimpa programu ikiwa imechapwa, kurasa sitini bila namba, nimezichanganya makusudi. Atachoka kabla ya chai.

Hakuchoka. Alizipanga mezani, akasoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Mashine hakuigusa. Nikamuuliza kwa upole kama amekwama.

“Ngoja kidogo, Hiram.”

Saa tano akaniita. “Joto linabadilishwa wapi?”

Nikasema kipimajoto hulibadilisha chenyewe, pembeni.

“Na kompaila inajua?”

Nikazitazama tena kurasa.

Akanieleza bila kunicheka. Sehemu yangu inayosubiri joto lipande hailigusi joto lenyewe. Kompaila ikiambiwa iharakishe, inaona hakuna anayelibadilisha pale, basi inalisoma mara moja na kushikilia jibu hilohilo. Kwa mashine, mahindi ni baridi milele. Mstari wangu wa skrini ulikuwa ukiilazimisha ilisome tena, basi.

Akaongeza neno moja kwenye programu. Moja! Linaamuru joto lisomwe upya kila mara. Tukafuta mstari wangu, tukaweka mpangilio wa haraka. Moto ulizima mara ishirini mfululizo. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Sijawahi kuona mtu akisoma hivyo.

Jumamosi, 8 Novemba. Naitiri.

Jelimo ndiye aliyeonyesha. Mama Rosaline aling'ata punje, ikalia ka! Akamshika mikono yote miwili.

“Binti yangu, haya mahindi yangeoza yote.”

Jelimo akasema programu ni ya Hiram, yeye aliisoma tu. Nikatazama viatu vyangu. Bosi akamtangaza mkuu wa mafundi, nami nikapiga makofi hadi viganja vikauma. Nilipiga kwa moyo wote.

Jumatatu, 10 Novemba. Kitale.

Maisha mapya! Jelimo amenikabidhi programu ya kipoza maziwa cha Kachibora. Nimeapa kuwa makini kama yeye. Programu imekwisha kabla ya chakula cha mchana! Kompaila imetoa maonyo arobaini na moja, marefu, ya kuchosha macho. Nimetafuta kwa bidii na kupata mpangilio unaoyanyamazisha yote. Skrini sasa ni safi kabisa. Jelimo atafurahi.