Malalamiko Kuhusu Jua la Ngaremara na Mafuta Mliyonishauri Nipake

Kikundi cha Akina Mama wa Shanga,
Ngaremara,
Isiolo.

11 Februari 1985

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Afya na Urembo,
Jarida la Taa ya Nyumbani,
Nairobi.

Ndugu Mhariri,

KUH: MAFUTA YA KUKINGA JUA KWA NGOZI INAYOWASHWA

Pokea salamu za Ngaremara. Sisi huku hatujambo, isipokuwa ngozi yangu, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Jina langu ni Jecinta Lokaale, katibu wa kikundi kilichotajwa hapo juu. Tunauza shanga, bangili na vikapu kando ya barabara kuu, mahali ambapo magari ya watalii hupunguza mwendo kwa heshima ya mashimo. Tangu utotoni nina ukurutu. Sista Kathambi, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyeniambia jina la ugonjwa huo. Alisema hauambukizi, ila maadui zake wakubwa ni jasho, vumbi na jua. Ndugu Mhariri, ukiondoa jasho, vumbi na jua, Ngaremara inabaki mbuzi peke yao.

Mwezi wa kumi mwaka jana ukurutu ulipanda kwenye viwiko na shingo mpaka nikawa najikuna kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Wakati huo nilikuwa nakaa mbele ya kibanda, kwa sababu katika kikundi chote ni mimi tu niliyesoma Kiingereza hadi darasa la saba. Siku moja mteja alishika bangili, akaona mkono wangu, akairudisha polepole kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota cha nyoka. Mwenyekiti wetu, Mama Natabo, akaniita kando.

“Jecinta mwanangu, sikufukuzi,” alisema. “Lakini kuanzia leo utakaa nyuma ya kibanda, utunge shanga. Watu wanaogopa.”

“Mama, Sista amesema hauambukizi.”

“Sista hauzi shanga,” alisema Mama Natabo.

Nilikaa nyuma. Sitaficha, nililia, na machozi pia yanawasha. Wiki hiyohiyo maneno yenu kuhusu ngozi na jua yakanifikia. Niliyasoma mara nne, nikayafuata yote kama mtoto wa katekisimu. Haya ndiyo yaliyonipata.

1. Mlisema mwenye ngozi kama yangu aepuke jua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ndugu Mhariri, hizo ndizo saa ambazo watalii hupita. Kabla ya saa nne wako hotelini wanakunywa chai. Baada ya saa kumi wamerudi kuinywa tena. Mtu anayeepuka saa hizo Ngaremara hajaepuka jua, ameepuka kazi.

2. Mlisema basi akae kivulini. Nyuma ya kibanda hakuna kivuli, maana kibanda kinatazama kaskazini na jua halina adabu. Lakini Jumanne moja lori la mbuzi lilipata pancha karibu na sisi, likatoa kivuli kizuri sana, kirefu na baridi. Nikahamia hapo na shanga zangu zote. Nilikaa karibu nusu siku. Kivuli kikisogea, nasogea nacho. Nikashukuru jarida lenu. Kisha dereva akamaliza kazi yake, akawasha lori, akaondoka na kivuli changu kwenda Nairobi. Nilibaki nimekaa katikati ya barabara kuu nimenyoosha miguu, mbele yangu sufuria ya shanga, na nyuma yangu gari la serikali likipiga honi.

3. Mlisema avae kofia pana. Kofia pana niliyo nayo ni karai. Nilivaa. Kufikia saa sita mawazo yangu yote yalikuwa yameiva.

4. Hapa sasa ndipo penye uchungu. Mlisema anunue mafuta ya kukinga jua, “yanayofaa ngozi nyororo, yanayopatikana katika duka lolote la dawa.” Nilitembea hadi mjini Isiolo. Duka nililoelekezwa ni la Dabaso, ambaye huuza dawa za watu upande wa kushoto na dawa za kupe upande wa kulia. Nikamwambia nataka mafuta ya jua. Akauliza, “Ya kuleta jua au ya kufukuza?” Nikasema ya kufukuza. Akapanda juu ya gunia, akashuka na chupa yenye picha ya mwanamke amelala mchangani amevaa vitambaa viwili vidogo. Ilikuwa na vumbi la miaka mingi. Nikauliza kama inafaa ukurutu. Dabaso akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema, “Huyu haonekani kama anawashwa.”

Nakiri kwamba mlisema mtu ajaribu kidogo kwanza ndani ya mkono na angoje siku mbili. Hilo nililiruka. Siku mbili ni nyingi kwa mtu aliye nyuma ya kibanda. Nilipaka uso, shingo na mikono yote.

Yale mafuta yalinukia nazi, maua, na kitu kingine kama biskuti. Dakika kumi hazikuisha, ngozi ikashika moto. Nikakimbilia mtungi wa maji. Njiani mbuzi wa Mama Natabo akanusa biskuti, akanifuata, akaanza kunilamba kiwiko. Wenzake wakaona. Ndugu Mhariri, sijui kama wewe umewahi kuwashwa mwili mzima huku ukilambwa na mbuzi saba mbele ya mwenyekiti wako. Mama Natabo hakucheka. Alitikisa kichwa, akasema, “Sasa hata nyuma hapafai,” akanituma nyumbani kwa wiki mbili.

5. Mlisema pia mafuta yapakwe tena “baada ya saa mbili.” Mimi nilipaka baada ya saa mbili asubuhi, na kwa uaminifu, ingawa ngozi ilikuwa bado inawaka, nikajiandaa kupaka tena baada ya saa mbili usiku, wakati jua lenyewe limeshalala na halina habari na mimi. Sista Kathambi ndiye aliyenieleza kwamba maana yenu ilikuwa muda wa saa mbili. Jarida linalotoka Nairobi linapaswa kujua tofauti ya saa na muda.

6. Hamkuandika popote kwamba ukurutu hauchagui mtu, na hili ndilo neno nililolihitaji kuliko mafuta yote.

Nilijua hilo kwa bahati. Siku niliyorudi, gari la watalii lilisimama, mama mmoja wa Kijerumani akashuka, mrefu, mwekundu kama nyanya. Akasema maneno mengi. Mama Natabo akajibu “Yes” kwa kila moja, mpaka yule mama akaanza kushangaa, maana alikuwa akiuliza choo kiko wapi. Mwenyekiti akashindwa kabisa.

“Jecinta!” aliita. “Njoo mbele, huyu anasema nini?”

Nilitoka nimejifunga leso hadi viganjani. Nikamwelekeza choo. Aliporudi kuchagua bangili, leso ikateleza, akaona kiwiko changu. Nikangoja airudishe bangili. Hakuirudisha. Alikunja mkono wa shati lake, akanionyesha kiwiko chake. Ndugu Mhariri, kilikuwa kiwiko changu! Mabaka yaleyale, michirizi ileile ya kucha. Tukasimama pale tumeweka viwiko pamoja kama watu wanaolinganisha ndama. Akacheka, nami nikacheka, na macho yetu sote wawili yalikuwa na maji.

Mama Natabo alichungulia kiwiko kimoja, akachungulia cha pili.

“Kumbe hata wazungu wanawashwa,” alisema. Kisha akavuta kigoda chake mwenyewe, akakiweka mbele ya kibanda, akanigusa mkono, palepale penye mabaka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. “Kaa,” alisema.

Yule mama alinipa tyubu yake ya mafuta ya jua iliyobaki nusu. Meupe, mazito, hayanukii chochote. Safari hii nilijaribu ndani ya mkono, nikangoja siku mbili. Mbuzi walipita bila kunisalimu. Nakaa mbele tangu wakati huo.

Lakini tyubu inakwisha, na kwa Dabaso haipo. Kwa hivyo, kwa heshima zote, nadai yafuatayo. Kwanza, muwaombe radhi wasomaji wa Isiolo kwenye ukurasa wa mbele. Pili, mwandishi wenu wa urembo, ambaye ni wazi hajawahi kuwashwa wala kuliona jua ila kwenye kalenda, aletwe Ngaremara akae nyuma ya kibanda wiki moja, avae karai. Tatu, ikiwa hayo hayawezekani, ofisi yenu iwaandikie wanaohusika na barabara waigeuze, watalii wapite upande wenye kivuli.

Nawasalimu nyote hapo ofisini, wapiga chapa, mpishi wa chai, na yeyote mwenye viwiko vinavyowasha.

Mimi wenu mtiifu, ninayejikuna kidogo tu,
Jecinta Lokaale,
Katibu.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha nilipotumwa kununua majani ya chai. Mwenye duka alinifungia kwa karatasi, na karatasi ile ilikuwa nusu ya chini ya ukurasa wenu. Nusu ya juu, ile niliyoisoma mwaka jana, ilikuja imefungiwa sukari. Nusu ya chini inasema kwamba ushauri wa juu ni kwa walio likizoni pwani tu. Inasema sisi wa kaskazini tuombe zahanati mafuta ya zinki ya watoto, yasiyo na manukato, na Sista Kathambi anayo kopo zima. Inasema ukurutu hauchagui mtu. Mwishoni kuna jina la mwandishi: Bi. Maryan Godana, mzaliwa wa Isiolo, anayeishi na ukurutu tangu utotoni. Mwambieni akija nyumbani nitampisha kigoda. Madai yote nimeyafuta, isipokuwa lile la barabara. Na mkiandika tena, tafadhali wekeni yote nusu ya juu, maana ya chini hutufikia tukiishiwa na majani ya chai.