Kompyuta Moja, Majibu Matatu ya Posa

Ifakara,
14 Julai 1998.

Mwanangu Evarist,

YAH: KUONDOLEWA KWA MIFUMO MIWILI KATI YA MITATU ULIYOIPAKIA KATIKA KOMPYUTA YANGU

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Mwanzoni kimya hicho kilitokana na mvua, maana mabasi yalikwama Mkula na barua zikalala huko pamoja na abiria. Barabara ilipopitika nilikuandikia mara mbili, lakini barua zote mbili sijui sasa zimo katika mfumo upi. Hii naiandika kwa kalamu ya wino.

Sitaki kukana kwamba ulipotuletea kompyuta iliyostaafishwa ofisini kwenu Morogoro tulifurahi sana. Ulikuta watu watatu tunaigombania: mimi baba yako mkubwa, mama yako mkubwa Balbina, na shangazi yako Stefania, ambaye tangu afiwe na mumewe anaishi nasi. Mtu mwingine angetupatanisha. Wewe uliigawa diski yake katika vyumba vitatu, ukaweka mfumo wa peke yake katika kila chumba, ukapanda basi. Ulisema kwamba sasa kila mmoja atawasha wa kwake bila kumgusa mwenzake. Ni kweli, hatugusani. Matokeo yake ni haya yafuatayo.

1. Kompyuta haina adabu. Nikiiwasha huniuliza ninataka mfumo upi, na hunipa sekunde thelathini. Mimi nimefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili, na mtoto niliyemuuliza swali nilimpa muda wa kusimama na kufikiri. Sekunde thelathini hazinitoshi hata kutafuta miwani. Zikiisha, inachagua yenyewe, na siku zote humchagua shangazi yako, kwa kuwa uliuweka mfumo wake juu ya orodha. Sasa Stefania anasema kwamba hata mashine inamjua mkubwa wa nyumba. Amenizidi miaka miwili tu.

2. Tabia za mifumo yenyewe. Wangu, ule wa skrini nyeusi, siulalamikii. Hausemi kitu, hutoa kijistari kinachopepesa, na ukikosea herufi moja hukukatalia. Ungekuwa mwalimu ningeukabidhi darasa la saba. Wa mama yako mkubwa, wa madirisha, hupiga muziki unapoamka, na ndani yake mna karata. Mama yako mkubwa hucheza karata hizo peke yake tangu asubuhi, na akikutwa husema anajifunza kushika kipanya. Wa shangazi yako una picha ya ndege mnene asiyeruka, nao humuuliza kila anayeingia jina lake na neno la siri. Mimi, mwenye nyumba, mwenye meza na mwenye kiti, niliulizwa jina langu. Nililiandika kamili, pamoja na la ubatizo. Mfumo ukanijibu kwamba si sahihi.

3. Mifumo haiachiani taarifa. Hapa kwetu mtu akihamia shambani Idete msimu wa mpunga, akaishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kufukuzia ndege, miezi mitatu, hapotei. Huacha ujumbe: nipo shamba, ufunguo uko kwa jirani. Mifumo yako haina ujirani huo. Ukiwa katika wangu, vyumba vya wenzangu havipo duniani, na ukiwa katika wa mama yako mkubwa, mimi sijazaliwa. Ni mfumo wa shangazi yako tu unaoona vyumba vyote. Yeye anasoma maandishi yetu, sisi hatuwezi kusoma yake. Usingethubutu kumtobolea Stefania ukuta wa chumba changu cha kulala, lakini jambo hili ulilifanya ukiwa unakunywa chai.

4. Sasa nafika kwenye jambo lililoninyima usingizi. Mwezi uliopita Mzee Ndaki wa Kidatu, mfanyakazi wa mashamba ya miwa, alituletea barua ya posa kwa niaba ya mwanawe Fridolin, dereva wa trekta, anayemtaka binti yangu, dada yako Eveline. Barua ilikuja kama inavyotakiwa, katika bahasha safi, mikononi mwa mshenga wao, Mzee Anselim.

Jibu la posa hutoka kwa baba. Basi niliingia katika chumba changu cha kompyuta, nikaandika kwamba tumekubali kwa moyo mweupe, nikalichapa kwa printa iliyokuja na kompyuta. Mama yako mkubwa naye, bila kuniambia, aliingia katika chumba chake akaandika kwamba tumekataa, kwa sababu Kidatu ni mbali na mpunga wa Idete hauvunwi kwa barua. Na kwa kuwa jibu hutoka kwa baba, aliweka jina langu, Gosbert, chini. Shangazi yako alizisoma zote mbili, akaona zina upungufu. Akaandika ya tatu: kwamba hatujakubali wala hatujakataa, ila kijana aje kwanza akae kwenye dungu msimu mzima aamie ndege, tumwangalie. Jina langu chini.

Mzee Anselim alipofuata jibu, mimi nilimpa bahasha sebuleni, mama yako mkubwa akampa nyingine uani, na shangazi yako akamngojea njiani na ya kwake. Mshenga hafungui bahasha wala hahoji. Alizifikisha zote siku moja. Mzee Ndaki amezisoma mbele ya ndugu zake, kisha akamrudisha Anselim na swali: anaomba kujua tuko Gosbert wangapi, na yupi kati yetu ndiye mzazi wa binti. Amesema atangoja hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo atahesabu kwamba tumekataa, na Fridolin atatafutiwa mchumba kwa mjomba wake Mwanza. Tangu siku hiyo Eveline anapika bila kuimba.

5. Tuliitisha kikao cha ukoo, tukaiweka kompyuta mbele ili kila mtu aione. Jirani yetu Nassib alitoa maoni kwamba nchi imekubali vyama vingi, sembuse sanduku. Nilimjibu kwamba vyama hivyo havikuambiwa vije kuishi kwangu. Katekista Eustaki alipoulizwa msimamo wa Kanisa alisema kwamba yeye anajua mfano mmoja tu wa watatu katika mmoja, na ule hauwashwi kwa swichi. Mwishowe tulipiga kura juu ya jibu lipi liwe jibu la ukoo. Kosa letu lilikuwa kuziandika kura katika kompyuta. Katika chumba changu nilishinda kwa kura zote. Baadaye niliarifiwa kwamba mama yako mkubwa naye ameshinda, na kwamba shangazi yako ameshinda kwa kura nyingi kuliko watu waliohudhuria.

Kwa hiyo nakuomba uje kabla ya mwisho wa mwezi uifute mifumo miwili na kubakiza mmoja. Neno "nakuomba" lisikudanganye. Mimi ni baba yako mkubwa. Nyumba moja iwe na jibu moja. Dada yako hawezi kuolewa kwa ndiyo, hapana na subiri kwa wakati mmoja. Kuhusu mfumo wa kubaki, sina upendeleo, mradi uwe mweusi.

Ukishindwa kuja, ipo njia nyingine. Fundi seremala wa mtaa huu ana msumeno wa kukatia chuma, naye amenihakikishia kwamba lile sanduku linaweza kugawanywa sehemu tatu zilizo sawa. Jambo lililomtatiza ni moja tu, nani atachukua waya wa umeme. Nimemwambia asubiri.

Msalimie baba yako, umwambie mchele wake upo, umekwisha kukobolewa. Msalimie na mkeo Aikande, pamoja na wote mnaofanya nao kazi, isipokuwa yule aliyekufundisha kugawa diski. Jumapili baada ya misa tutakaa tena, na uamuzi wowote tutakaoufikia nitakuandikia, kwa kalamu.

Ni mimi, baba yako mkubwa,

Gosbert
(wala hakuna mwingine)

Nyongeza: Nilimpa Eveline barua hii aipeleke posta, nikasahau kuifunga. Ameisoma. Amenieleza kwa heshima zote kwamba siku ile Mzee Anselim aliondoka na bahasha nne. Ya nne aliiandika yeye mwenyewe kwa kalamu ya risasi, kwenye karatasi ya daftari: amekubali, na jina lake mwenyewe chini. Ndiyo waliyoifuata. Kuimba jikoni aliacha ili asije akatoboa siri. Harusi ni Jumamosi ya pili ya Agosti, na ule muda wa hadi mwisho wa mwezi Mzee Ndaki alitupa ili tujisikie tumeulizwa. Basi usifute hata mfumo mmoja. Mimi, mama yako mkubwa na shangazi yako tumekwisha kuingia kila mtu chumbani mwake kuandika orodha ya waalikwa, na hakuna anayekubali kutoka. Kama unao mfumo wa nne, uje nao. Mzee Ndaki atakaa nasi juma zima, na nasikia ni mtu mwenye maoni.