Mawimbi Yaliyomezwa

Jumatatu, 3 Februari 1969. Moscow.
Theluji! Nimefika maabara, mabuti yangu ya sufu yamelowa chapachapa. Moja nimelianika juu ya bomba la joto. La pili limekosa nafasi, nimelichomeka ndani ya pembe ya shaba ya kupokelea mawimbi. Nani ataona? Nitarudi nyumbani na viatu vya maabara.

Kesho ndiyo kesho. Tunarusha mawimbi ya redio upande mmoja wa plazma, gesi ya moto yenye chaji za umeme, iliyofungwa kwa sumaku, tunayasikiliza upande wa pili. Plazma ikiwa nzito mno, yanagonga na kurudi. Lakini yakienda sawa na mzunguko wa elektroni zake, yanamezwa, na plazma inachemka. Atakayeonyesha hilo kwanza ataongoza kikundi cha mawimbi. Ni mimi au mwenzangu Faina Lvovna. Ni mimi!

Jumanne, 4 Februari.
Yamemezwa! Upande wa pili kimya, na hakuna kilichorudi. Faina Lvovna akauliza kama nimepima mashine ikiwa tupu, bila plazma. Nikamjibu kwamba kupima utupu ni kazi ya wenye wivu. Mkuu wetu, mzee Tikhon Savvich, akanitetea mbele ya wote. Nimempigia mama simu kule Tula.

Alhamisi, 6 Februari.
Natamani ardhi ipasuke. Mkutano mzima umehamia maabara. Mzee kaagiza mashine iwashwe bila plazma. Mawimbi hayakufika! Faina Lvovna akaingiza mkono kwenye pembe, akatoa buti linalofuka mvuke.
"Valerian Kuzmich," akasema, "kumbe plazma yako inavaa namba arobaini na tatu!"
Wamecheka hadi mafundi. Mzee hakucheka. Alifuta miwani yake tu, muda mrefu, bila kunitazama. Hilo ndilo linaloniuma. Na mama keshatangazia jengo zima.

Ijumaa, 7 Februari.
Uongozi kapewa Faina Lvovna. Kaniletea chai na jamu ya rasiberi, hakunitania hata kidogo. Afadhali angenitukana. Ameomba jambo moja tu: nianze kila mara kwa kupima mashine tupu. Nimeapa. Aibu imenijaa, sikuweza hata kuimeza ile jamu.

Jumatatu, 10 Februari.
Nimetimiza kiapo. Asubuhi nimepima mashine tupu: mawimbi yamefika yote. Safi!
Saa sita nikatoka kula, nikarudi na kofia imelowa. Pembe ya kupokelea siigusi tena, mtu hujifunza. Kofia nimeichomeka kwenye pembe ya kurushia.
Mchana tumewasha plazma. Upande wa pili kimya kabisa!
Nimempigia mama.