Ombi la Kuhamisha Shanga za Kiunoni

Mheshimiwa Shefu Anastase wa avenyu yetu, Mulongwe,

Kwa heshima zote, mimi Mwalimu Gaspard, ninayefundisha watu wazima Kiingereza kila jioni, naomba uwaagize wanawake wote wa avenyu wavae shanga za kiunoni shingoni. Sababu ni hizi:

1. Mke wangu Félicité anauza mapambo karibu na daraja. Ameniomba nimwandikie vibao vya Kiingereza kwa ajili ya wageni. Hereni niliandika, mikufu niliandika, bangili niliandika huku napiga mluzi. Zikabaki shanga za kiunoni. Neno sina. Kamusi yangu nayo, ambayo panya wameisoma kuliko mimi, haina. Kusema sijui mbele ya mke wangu, na mimi ni mwalimu? Aibu ingeniua.

2. Nikatunga langu: mkufu wa shingo ya katikati. Mgeni mmoja alilisoma, akajishika shingo, akaondoka.

3. Jumapili nikamuuliza Mama Providence wa kwaya, aliyeishi Uganda miaka mingi. Najua vizuri kwamba kwetu mwanamume haulizi shanga za mke wa mwenzake. Ndiyo maana niliuliza kwa Kiingereza, kwa adabu, nikaonyesha kwa kidole. Mume wake Bruno hajui Kiingereza, lakini kidole alikielewa. Sasa naimba besi nikiwa nje ya kanisa, dirishani.

4. Nikawaambia wanafunzi kwamba Waingereza hawana viuno. Noella akauliza mikanda yao wanafungia wapi. Nikafunga darasa mapema.

Shanga zikihamia shingoni, Mheshimiwa, neno ninalo tayari, na heshima ya elimu itapona. Ikishindikana, basi viuno vipigwe marufuku saa za kazi.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto na majirani wote, isipokuwa Bruno, ambaye nitamsalimia mwenyewe kwa mbali.

Ni mimi mwalimu wenu, mpaka mtakaponigundua,
Gaspard

N.B. Félicité ameisoma barua hii, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe neno analijua tangu mwaka jana, mteja alimfundisha. Ameniambia: “Weye Gaspard, minye nilitaka tu nikusikie siku moja unasema haujue.” Nimesema, Mheshimiwa. Ilikuwa ngumu kuliko Kiingereza chote nilichowahi kufundisha. Amenisogezea kiti karibu na chake, anifundishe. Shanga zibaki zilipo.