Fungate ya Nyoka wa Wakil

Jumatatu, 10 Februari 2025

...na ndivyo nilivyomjibu wifi yangu Salhiya: simchukii nyoka yeyote atakayenipatia nyumba. Kacheka. Acheke! Yeye ana chumba peke yake. Mimi na Wakil wangu, mume wangu (jamani, nikiandika "mume" bado naona haya!), tunalala chumba kilichopakana na cha mavyaa, mama yake Wakil. Tukicheka, mavyaa anakohoa. Tukinyamaza, anakohoa zaidi.

Mambo yenyewe ni haya. Mzungu mmoja wa Kendwa alipohama alimwachia Wakil nyoka wawili wa Marekani, dume na jike, weusi wenye pete nyeupe, wazuri kama bangili. Huitwa nyoka wafalme kwa sababu hula nyoka wenzao. (Kila nyumba ina ugomvi wake.) Bwana Usi, mwenye banda la nyoka la watalii karibu na Jozani, kamwahidi Wakil: akimpelekea vitoto, kazi ni yake, na nyumba ya kukaa ipo. Nyumba! Yenye kuta zetu wenyewe!

Wakil anasema jike bado. Mwepesi, umri haujafika, asubiriwe. Nampenda mume wangu, lakini leo ndiye anayenifundisha kusubiri? Huyu aliyeleta posa kabla sijajua jina la baba yake?

Jumanne, 11 Februari

Nimemchunguza jike. Ishara zote zipo! Macho yamefanya ukungu, yamelegea. Panya hataki. Kajikunja pembeni, hamtazami mtu. Wiki ya mwisho kabla ya harusi nami nilikuwa hivyo hivyo, na somo wangu, aliyenifunda, akaniambia hayo ni mahaba. Wakil kasema ni ngozi, anataka kujivua. Wanaume!

Alhamisi, 13 Februari

Kajivua! Ngozi nzima, kuanzia puani hadi mkiani. Hii kama si singo ya bibi harusi ni nini? Mimi nilisuguliwa mpaka nikalia, na sikung'aa hivi.

Wakil kaniagiza kabla ya kwenda kazini Kendwa: jike sasa ana njaa, apewe panya wake, na dume asisogezwe karibu. Nimeitika naam, kwa sauti ya asali.

Panya nimewarudisha kwenye friji, nyuma ya pweza wa mavyaa. Bibi harusi gani hushiba siku ya harusi? Mimi nilipewa tende na maziwa, basi. Kula panya mbele ya wakwe ni aibu.

Salhiya kachungulia mlangoni. Kwa huruma yake ile ya nyigu, kauliza kama na ngoma nitawapigia. Nimemwambia wenye husuda hawajaalikwa.

Ijumaa, 14 Februari

Wakil hayupo hadi jioni. Nimefukiza udi. Nimetandaza asumini juu ya sanduku la kioo. Marashi kidogo. Baada ya sala ya Ijumaa, saa ya baraka, nimemwingiza bwana harusi.

Mahaba papo hapo! Jike kamsogelea, kamnusa, kambusu kichwani. Machozi yamenitoka. Nikageuka kuchukua simu nipige picha. Kutazama tena, busu limefika shingoni.

Nikapiga ukelele. Mavyaa, ambaye miguu yake haimfikishi hata jikoni, kashuka ngazi mbilimbili hadi barazani. Aliyebaki ni Salhiya. Kaja na chupa ya siki, kamdondoshea jike mdomoni. Jike kaachama. Dume katoka, kalowa, mzima, na sura ya mtu aliyechungulia kaburi. Salhiya kaniuliza kama kwetu fungate ndivyo zilivyo. Nilikuwa nalia, tena kwa heshima zangu.

Jumapili, 16 Februari

Wakil hakupandisha sauti hata kidogo. (Mume gani huyu!) Kamlisha jike mpaka akavimba, kamtenga na dume, kisha kampigia simu Bwana Usi, kamweleza ukweli mtupu. Bwana Usi kasema hakuna haraka, jike anenepe kwanza, waonane mwakani. Mwakani! Upande wa pili wa ukuta, mavyaa kakohoa.

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Si njaa hata kidogo. Fungate hufanyika wapi? Kwao bibi harusi! Sisi tumemfungia ukweni, na udi wa watu. Nani asingeng'ata?

Jike hana kwao hapa, basi kwao ni kwetu. Nimempigia mama yangu, kule Mpendae, ambaye akiona mjusi huita majirani. Nimemwambia tunakuja kumtembelea, tena tutalala. Kafurahi! Kauliza tutakuwa wangapi. Nimemwambia wanne: mimi, Wakil, na maharusi wengine wawili, watu wakimya, hawana makuu. Wakil nitamwambia tukishafika. Mama kauliza bibi harusi apikiwe nini. Nimemwambia asihangaike, huyo asimpe kitu. Yeye atutandikie tu, kabla mwezi haujaisha tutabisha hodi.