Kikapu cha Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Nimedharauliwa mbele ya watu! Shangazi amesema duka lake la nguo la mtandaoni linafunguka kwa kujikokota, na nisipolitengeneza kabla ya Jumamosi, tovuti anapewa Shemeji. Shemeji! Mume wa binamu yangu, anayepuliza hata maji baridi. Nikinyang'anywa tovuti narudi stoo kukunja nguo. Mimi, mwenye nusu ya digrii!

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana: plagini ya kashe, kiprogramu kidogo cha kupachika kwenye tovuti. Inahifadhi nakala ya kila ukurasa, mteja akija anapewa nakala badala ya kusubiri ukurasa utengenezwe upya. Nimeiweka. Duka limechangamka. Nikawaza, ikiwa moja imefanya hivi, mbili je? Nikaweka ya pili. Kisha ya tatu, maana ni ya bure. Shemeji kachungulia begani kwangu, akasema moja inatosha, zikiwa nyingi zitagombana. Wivu mtupu. Nimemjibu kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi kaingia dukani kwa akaunti yake kujaribu, akajaza na kikapu. Kurasa zinafunguka kufumba na kufumbua! Kaniita mwanangu. Shemeji kanywa chai yake. Raha iliyoje.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mteja kapiga simu kuuliza kwa nini tovuti inamwita kwa jina la Shangazi, na kikapuni mwake mna mkanda wa kubana tumbo na chupi za kuvalisha ukoo mzima. Nikamwambia ni zawadi. Wa pili, yaleyale. Wa tatu ni mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara. Mwanaume!
Nikafungua mwenyewe. Mungu wangu. Plagini zimehifadhi kikapu cha Shangazi na kukigawia dunia nzima! Nikafuta kashe ya kwanza. Mkanda upo. Ya pili. Upo. Ya tatu, ile ya kwanza ikawa imeshanakili upya. Nikazizima zote. Mkanda bado unanikodolea macho.
Nikapigia kampuni inayohifadhi tovuti yetu. Dada wa huduma akasema huenda hata kivinjari changu, programu ninayofungulia tovuti, kimeweka nakala. Akauliza nina plagini ngapi za kashe. Nikasema moja. Akauliza tena. Nikasema mbili. Akasema anasubiri. Nikakata simu.

Ijumaa, 7 Machi
Limefika kwa mwenyewe. Mwenyekiti kampigia Shangazi kumuuliza kwa upole kama ule mkanda unasaidia kweli. Shangazi kaja amefura, anasema nimemvua nguo hadharani. Nikasingizia wadukuzi.
Shemeji akavuta kiti. Akaondoa plagini mbili, akaiamuru iliyobaki isiguse kurasa za kikapu na akaunti, akafuta kashe yote, ya tovuti na ya kivinjari. Kikapu kikawa cheupe. Hata chai yake haikupoa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi kanionyesha stoo kwa kidole.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nimekalia robota la suruali. Inauma, sitaficha.
Lakini sikiliza. Tangu asubuhi wanawake wanakuja kuulizia mkanda wa tumbo. Umekwisha! Shangazi kaagiza mwingine, nusura atabasamu. Sasa nani kauuza? Plagini ya Shemeji haijauza hata soksi. Shukrani ya punda mateke.
Humu stoo kuna kaptula za manjano zilizododa, hata nondo wamezikataa. Na Shemeji, pamoja na ujuzi wake wote, kasahau kubadilisha nenosiri. Nimezirudisha plagini zote. Safari hii nne.
Sasa hivi nimemtumia Shemeji ujumbe wa heshima tele, nikimwomba aingie dukani kwa akaunti yake na achague kaptula inayomtosha, aiweke kikapuni.